Paja la Kushoto

Kitu cha kwanza alichokiona Sajenti Odeta kilikuwa neno moja dogo. Aliliona kwa sababu tu macho yake yalikuwa yamechoka kusoma kwa mpangilio, yakawa yanadonoadonoa ukurasa huku na huku.

Alikuwa amekaa kwenye ofisi ya mtendaji, katika kijiji kimoja upande wa Kabungu, na mabuti yake yalikuwa yameacha tope mpaka mlangoni. Mbele yake kulikuwa na daftari. Jumanne, mtu mmoja alikuja kuchukua ng'ombe tisa waliopotea na akapewa. Jumatano, mzee mmoja alikuja kuwadai ng'ombe haohao. Maelezo ya wote wawili yaliandikwa kwa mkono mmoja na yalifanana kama mapacha: ng'ombe wa mbele ni jike jeusi lenye baka jeupe tumboni, na lina kovu la moto lenye umbo la kwato ya mbuzi. Ila mtu wa Jumanne alisema kovu liko ndani ya paja la kushoto. Mzee wa Jumatano alisema la kulia.

"Bwana Pontien," Odeta alisema, "kati ya hawa wawili nani alikosea?"

Mtendaji Pontien alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akairudisha. "Afande, hapo ndipo penye shida. Aliyekosea ndiye niliyempa ng'ombe."

"Ulimpa aliyekosea?"

"Nilimpa aliyesema sawasawa na daftari. Jumamosi ng'ombe walipookotwa, tulipiga simu Zizini. Unaijua Zizini?"

Odeta aliijua tangu jana. Ilikuwa tovuti iliyoandikwa na vijana wa Mpanda mjini. Ukiokota mifugo unawapigia, wanaweka picha na maelezo watu wote waone, lakini alama moja wanaificha. Anayekuja kudai lazima aitaje hiyo alama ya siri. Kwa upande wa kijiji aliiona mtendaji tu. Kwa upande wa tovuti, paswedi ya kuifungulia ilikuwa ya kijana mmoja, Malale. Na Malale alikuwa selo tangu jana jioni.

"Malale ndiye aliyepokea simu," mtendaji aliendelea. "Mwokotaji akasimulia, yeye akaandika. Nikafungua kwenye simu yangu nikanakili humu. Paja la kushoto. Jumanne akaja mtu, kavaa vizuri, ana fimbo, ana vijana wawili wa kuswaga. Namwuliza alama ya siri, anasema kushoto. Nikaibipu namba yake palepale, ikaita. Nifanye nini tena, afande? Nimpime damu?"

"Kovu lenyewe ulilitazama?"

Mtendaji alikuna shingo. "Lile jike lina pembe, afande."

"Kwa hiyo hukulitazama."

"Mwokotaji alilitazama. Jana ndiyo akasema liko kulia. Siku ile alikuwa amesimama mbele ya ng'ombe, uso kwa uso, akasema kushoto kwa kufuata mkono wake mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimeshataka kumfukuza mzee wa watu."

Odeta alilifunga daftari juu ya kidole chake. Mwenye ng'ombe anajua kovu liko kulia. Aliyewaokota anajua liko kulia. Neno kushoto halikuwepo kwenye ng'ombe yeyote duniani. Lilikuwepo kwenye maandishi tu. Mtu wa Jumanne hakuwahi kuliona lile jike. Alisoma mahali.

"Nipe ile namba uliyoibipu," alisema.

Aliinakili. Aliipiga. Haikupatikana.

Nje, Mzee Mabula, yule mzee wa Jumatano, alikuwa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti.

"Mwangaluka, baba," Odeta alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Mzee hakuinua macho. "Wanasema umemfunga yule kijana wa kompyuta."

"Yuko ndani, baba."

"Amesema ng'ombe wangu walipo?"

"Hajasema."

"Basi labda hajui," mzee alisema, kama mtu anayesema mvua inakuja.

Odeta alipanda bodaboda. Njia nzima dereva alijaribu kuzungumzia mpira, na njia nzima yeye alijibu mh.

* * *

Malale alitolewa selo bila viatu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, na usiku mmoja tu ulikuwa umemwongezea mingine.

"Kesho saa tatu asubuhi unapelekwa mahakamani," Odeta alimwambia. "Kula njama ya wizi wa mifugo. Unajua wizi wa mifugo mkoa huu watu wanauonaje. Nina leo tu. Nani mwingine aliiona alama ya siri?"

Malale alitazama miguu yake mitupu.

"Nani ana paswedi?"

"Mimi peke yangu."

"Unajichimbia, Malale."

"Najua, afande."

Odeta alifungua simu yake akamgeuzia. "Asubuhi nimefungua ukurasa wenu kwa paswedi uliyonipa. Unasema kulia. Daftari la mtendaji linasema kushoto."

"Nilirekebisha Jumatatu. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mashine imeandika saa, unaweza kuangalia. Niliitazama upya picha ya kovu, ile tunayoificha, nikaona nimegeuza."

"Kwa nini uliitazama upya?"

Hapo ndipo alipofunga mdomo. Kwenye kaunta mtu alikuwa anaripoti kupotea kwa kitambulisho, na askari alimwuliza mara tatu kilipotelea wapi.

"Mtendaji ulimpigia kumwambia umerekebisha?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Angeuliza kilichonifanya niangalie."

"Na mimi ndicho ninachokuuliza."

"Ndiyo, afande," Malale alisema kwa adabu, na hakusema kingine.

Odeta alipeleka alichokuwa nacho kwa Mkuu wa upelelezi. Mkuu alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha huku anasaini barua.

"Afande, sikiliza. Kama yeye ndiye aliyempa mwizi neno kushoto, asingekwenda Jumatatu kulibadilisha liwe kulia. Mtendaji angechungulia simu yake Jumanne, mwizi wake angekamatwa palepale. Aliyerekebisha hakujua kuna mtu anakuja na neno la zamani."

"Au alijua akajuta."

"Angejuta angempigia mtendaji."

"Hiyo ni akili, Odeta. Akili nzuri kabisa." Mkuu alifuta vidole. "Mimi nataka karatasi yenye sahihi ya mtu. Ukiniletea kabla sijaondoka, tutazungumza. Usipoleta, kesho saa tatu."

Ilikuwa saa nane mchana. Mkuu aliondoka saa kumi na moja kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

* * *

Watu wa Ruby, vijana walioiandika Zizini, walikutana mtaa wa Shanwe, kwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Ruby ilikuwa lugha ya kompyuta waliyoandikia tovuti zao, na kwa jina la lugha hiyo walijiita. Odeta alikuwa amewaita waliokuwa wakifika mara kwa mara. Walikuja watatu.

Josephat, msimamizi wa kikundi, alikuwa na tumbo dogo la mtu anayekaa sana na sauti ya mwalimu. Alex alikuwa mrefu, amesimama mlangoni kama asiye na uhakika kama ameingia au anatoka. Wa tatu alikuwa msichana aliyekaa kwenye kona karibu na waya wa umeme, mikono mapajani. Alisema shikamoo kwa sauti ndogo. Josephat alisema anaitwa Scola, ni mgeni, ana miezi minne kwenye kikundi.

"Karibu afande. Kaa hapo. Kile kiti kingine kina mguu mmoja wa uongo."

Odeta alikaa. "Alex ni nani? Wewe. Nimeambiwa umetoka kwenye kikundi wiki hii, na ulitoka kwa ugomvi na Malale."

"Mimi si mtu wa Ruby tena, afande."

"Ametoka," Josephat alisema, "lakini chai ikichemka yupo."

"Chai haina lugha. Afande, nilimwambia Malale tuiandike Zizini upya kwa lugha ambayo watu wanaajiriwa nayo. Ruby imekufa."

"Kila mwaka inakufa," Josephat alimjibu. "Tumeizika mpaka majembe yameisha."

"Unaona? Ndivyo wanavyojibu. Utani tu. Ukiwauliza kazi iko wapi, wanakwambia lugha hii ilitengenezwa ili anayeandika afurahi."

"Na nyie mna furaha?" Odeta aliuliza.

"Tulikuwa nayo mpaka Jumatano," Josephat alisema.

"Alex, ulimwambia Malale ataona. Ataona nini?"

"Ataona siku akikosa mtu wa kumrithisha! Basi. Mimi naiba hoja za watu, ng'ombe siwezi hata kumkimbilia. Nina pumu."

"Ulitoka lini?"

Josephat alishafungua grupu la kikundi kwenye simu yake, akaisogeza mezani. "Jumamosi, saa sita mchana. Mstari huu. Na ng'ombe wameandikwa Zizini Jumamosi hiyohiyo saa tisa. Hakuwaona, afande. Nasema hivyo nikiwa bado nimemkasirikia."

Odeta alilifuta jina la Alex kwenye kijitabu chake kwa mstari mmoja. Hakuhisi chochote kulifuta. Saa nane na nusu. Aliinua macho ukutani kutafuta la kuuliza, akaona karatasi iliyobandikwa, imeandikwa kwa kalamu nzito: *Hakuna anayechekwa. Ukikwama, bandika kosa lote, usikate. Ukisaidiwa, saidia.*

"Hii ya pili maana yake nini?"

"Ah, hiyo," Josephat alisema, na mara hii akawa mwalimu hasa. "Programu ikikwama, afande, inatoa maelezo ya kosa. Marefu. Sasa mtu mgeni anaona aibu, anakata, anabandika kimstari kimoja kwenye grupu, anasema nisaidieni. Utamsaidiaje? Ni kama mgonjwa anayekwambia naumwa halafu anyamaze. Kwa hiyo tukaweka sheria. Bandika lote."

"Na hilo lote lina nini ndani?"

"Mstari uliokwama, saa, na kile programu ilichokuwa imekishika wakati huo. Inakitema kizima kizima."

"Kama ilikuwa imeshika ng'ombe?"

Alex aliacha kuuegemea mlango.

"Itamtema na ng'ombe," Josephat alisema polepole.

"Pamoja na alama ya siri?"

"Pamoja na kila kitu. Lakini, afande, wageni tunawapa ng'ombe wa kubuni wa kufanyia mazoezi. Si wa kweli."

"Wote mnawapa wa kubuni?"

"Malale alikuwa anasema..." Josephat alijikuna kidevu. "Malale alikuwa anasema ng'ombe wa kubuni hawana ukorofi. Kwamba mtu hajifunzi mpaka akutane na taarifa halisi, zenye makosa yake. Nilimwambia si vizuri. Sijui kama aliacha."

Odeta alivuta simu ya Josephat karibu. "Grupu lina watu wangapi?"

"Thelathini na moja."

"Mnawajua wote?"

"Wote ni watu wetu."

Odeta alichapa kwenye kitafutio ile namba aliyopewa na mtendaji, tarakimu moja moja, akiwa na kijitabu kando. Simu ilifikiri kidogo. Ikatoa mtu mmoja. Hana picha. Hana jina. Alijiunga mwezi wa kwanza.

"Huyu?"

Josephat aliangalia. "Huyu... nilidhani ni mtu wa Alex."

"Mtu wangu? Mimi nilidhani ni wa Malale!"

"Amewahi kuandika nini?"

Josephat alipekua, akapekua tena. "Mara moja. Mwezi wa pili. Amesema, *asante kwa somo*."

"Miezi yote mmekaa na mtu sebuleni," Odeta alisema, "na kila mmoja anadhani ni mgeni wa mwenzake."

"Tunapokea kila mtu, afande," Josephat alisema. Haikutoka kama kujitetea. Ilitoka kama mtu anayesoma kilichobaki kwenye karatasi baada ya mvua.

Sasa Odeta alikuwa na mwizi. Alipiga kituoni palepale, akataja namba, akaomba itafutwe imesajiliwa kwa nani, na akaomba askari wawili waende barabara ya Inyonga, maana ng'ombe tisa hawapiti bila kuonekana. Lakini mwizi kuwa ndani ya grupu hakukumtoa Malale selo. Mkuu angesema ndiyo, vizuri, Malale alimwandikia humohumo. Ilitakiwa ionekane ni nani aliyebandika.

Alirudi kwenye grupu, siku ya Jumapili. Watu waliulizana habari za ibada. Mmoja alituma picha ya laptopu iliyomwagikiwa maharage, wakamcheka, wakamkumbusha sheria ya kwanza, wakaendelea kumcheka. Saa tisa na robo kulikuwa na mstari wa kijivu: ujumbe huu umefutwa. Juu yake kulikuwa na namba bila jina.

"Namba ya nani?"

"Sijui," Josephat alisema. "Watu ni wengi." Alikuwa anaangalia dari, na dari haikuwa na kitu.

Odeta aliipiga kwa simu yake, akaiweka sauti ya juu. Iliita mara mbili.

"Steshenari, Makanyagio hapa," sauti ya mwanamume ilisema, na mashine ya fotokopi ilikuwa inanguruma nyuma yake. "Unataka kuchapa?"

"Jumapili nani alikuwa na simu hii?"

"Hii huwa anakaa nayo Scola. Hayupo, ametoka kidogo, kasema ana kikao huko Shanwe. Nimpe ujumbe?"

"Hapana. Asante."

Alex aliangalia mlango. Josephat aliendelea na dari. Wote wawili waliangalia kila mahali ila kwenye kona karibu na waya wa umeme, na kwa hiyo Odeta hakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

"Scola," alisema. "Njoo tukae nje, mdogo wangu. Humu kuna joto."

* * *

Nyuma ya duka kulikuwa na madumu ya maji na benchi fupi. Odeta alitoa fomu ya maelezo ya shahidi, akaiweka juu ya jalada, jalada juu ya goti. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Hakumwuliza Scola neno. Alianza tu na fomu, kutoka juu, kama alivyofanya mara elfu.

"Majina kamili."

Scola aliyataja.

"Umri."

"Ishirini na moja."

"Dini."

"Mkatoliki."

"Kazi."

"Nachapa. Natoa kopi."

"Elimu."

Mashine ya kuchomelea ililia mahali fulani mtaa wa pili, ikanyamaza. Kalamu ya Odeta ilisimama kwenye nukta mbili.

"Andika la saba," Scola alisema.

"Niandike la saba, au niandike ukweli?"

Msichana alikuwa ameshika upindo wa kanga yake, anaukunja na kuukunjua. Odeta alikuwa amewahi kukaa na wezi waliokubali yote mpaka wakafika kwenye mama zao, wakanyamaza. Hakuwahi kuona mtu akikwama kwenye elimu.

"Afande, nikisema niliyebandika ni mimi, haitoshi? Jumapili nilikuwa dukani peke yangu, hakuna wateja. Malale alikuwa amenipa ng'ombe wa kweli nijifunzie. Programu ikakwama. Nikabandika kwenye grupu. Nilibandika lote. Malale akanipigia simu, hakunifokea, akasema futa, Scola, futa sasa hivi. Nikafuta. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Akasema usimwambie mtu, nitarekebisha mwenyewe. Basi. Andika hivyo niweke sahihi."

Odeta aliandika. Aliandika upesi, maana saa ilikuwa inakwenda. Halafu akainua kalamu.

"Hakimu ataniuliza swali moja, na Mkuu ataniuliza hilohilo kabla yake. Kwenye kile ulichobandika, alama ya siri iliandikwa kwa Kiswahili. Kovu, kwato ya mbuzi, paja la kushoto. Wewe unajua kusoma. Uliyaona. Unajua ni siri. Kwa nini hukuyakata hayo tu, ukabandika mengine?"

"Sheria inasema tusikate."

"Scola. Malale yuko selo bila viatu."

Upindo wa kanga ulikunjwa, ukakunjuliwa.

"Yale mengine yote yalikuwa Kiingereza," Scola alisema.

Odeta alishusha kalamu juu ya jalada.

"Mimi nimesoma mpaka la nne, afande. Mama aliugua nikabaki na wadogo zangu, sikurudi. Kiingereza sijui. Hata kidogo sijui. Yale maneno ya Ruby nayajua kwa sura, kama mtu anavyowajua ng'ombe wake. Lile fupi linafungua, lile la herufi tatu linafunga, hili likikosekana yote yanagoma. Yanasemaje, sijui. Lakini kosa likija, linakuja na maneno mengine ambayo sijawahi kuyachunga. Jumapili lilijaa kioo kizima. Nikatazama, nikatazama, nikaona katikati kuna Kiswahili. Nikajua basi, kosa liko hapo. Maana ndicho kitu pekee nilichokielewa. Nikiyakata hayo, nitawauliza nini?"

Sasa alikuwa anasema bila kusimama.

"Jana usiku nilikuja kituoni. Nilifika mpaka kwenye bendera. Nikarudi. Si kwamba naogopa selo. Hapa ndani wote wanadhani mimi ni mpole tu. Wakijua kwamba sijui hata kosa linasema nini, nani atanifundisha tena? Watasema niende nikamalize shule kwanza."

"Fomu hii hawaisomi wao. Anaisoma hakimu."

"Anaisoma kwa sauti?"

Odeta angeweza kusema hapana. Ilikuwa imebaki chini ya saa moja na nusu, na hapana lilikuwa neno fupi.

"Anaweza," alisema.

Scola aliangalia mlango wa chumba. Ndani Alex na Josephat walikuwa wameshaanza tena, mmoja anasema imekufa, mwingine anamwuliza sasa anayemlipia umeme wa kuchajia ni nani.

"Andika la nne," alisema.

Aliweka sahihi yake kwa makini sana, herufi moja moja, mwandiko mzuri kuliko wa Odeta.

* * *

Mkuu alisoma akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Alipofika kwenye mstari wa elimu alirudi juu akasoma upya. Kisha akasaini.

"Mtoe. Shahidi, si mtuhumiwa. Na huyu msichana umwambie asisafiri."

"Ndiyo, afande."

"Namba imesajiliwa kwa mtu anaitwa Fabiani. Dalali wa mnada. Askari wameona alama za kwato nyingi zinakata kushoto kabla ya daraja, wanafuatilia. Umefanya kazi leo, Odeta."

"Ndiyo, afande."

Kwenye kaunta walimrudishia Malale mkanda, viatu, na simu yake ndani ya bahasha ya kaki. Alikaa kwenye benchi kufunga kamba za viatu. Odeta alikuwa na haki ya kwenda nyumbani. Alibaki amesimama.

"Scola amesema?" Malale aliuliza akiwa ameinama.

"Amesema."

"Nilimwambia asiseme."

"Na hapo ndipo ulipokosea. Ungempigia mtendaji Jumatatu, simu ya dakika moja, mzee Mabula angekuwa na ng'ombe wake leo. Ulimficha msichana, ukamwibia mzee. Hukutaka, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Malale alifunga kiatu cha pili. Hakubisha. "Najua. Nitakwenda kwake mwenyewe." Akanyoosha mgongo. "Nikuulize na mimi, afande. Jana ulinichukua jioni mbele ya watu wote. Ulikuwa na nini mkononi? Paswedi tu?"

Askari wa kaunta aliinua kichwa. Swali hilo lilikuwa na jibu lililoandikwa tayari, kwenye jalada, kwa mwandiko wa Odeta mwenyewe: *kutokana na taarifa za awali*. Lilikuwa jibu zuri. Mkuu alilipitisha bila kuuliza.

Odeta aliiangalia ile bahasha ya kaki.

"Simu yako ilikuwa kwenye droo yangu tangu jana. Ulinipa na namba ya kuifungulia. Ningeifungua, ningekuta Jumapili saa tisa na dakika ishirini na sita umeipigia steshenari. Ningekwenda Makanyagio jana hiyohiyo, na wewe ungelala kwako. Sikuifungua. Nilikuwa nimetoka kwenye kesi mbili, mzee analia mbele yangu, jua linazama, na nikataka mtu mmoja awe ndani ili nikalale." Askari wa kaunta alikuwa ameacha kuandika. Odeta hakupunguza sauti. "Sikuwa na kitu chochote mkononi, Malale. Nilikuwa nimechoka, na wewe ndiye uliyekuwa karibu."